Kawawa, TFL na wenzake waliobaki nyuma

Ukimtaja Rashidi Kawawa watu wanakwambia Simba wa Vita, mtiifu, mtu aliyepewa kazi yoyote na Mwalimu akaifanya bila kinyongo, na mimi hilo silipingi. Ila kuna upande wa hii stori hausikilizwi, upande wa wenzake kwenye vyama vya wafanyakazi, akina Kasanga Tumbo wa reli na Victor Mkello wa mashambani, ambao wengi tumezoea kuambiwa walikuwa wakorofi tu waliotaka kuivuruga nchi changa.

Kawawa alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, lilipoundwa 1955, na TFL ndiyo iliyoipa TANU misuli makazini. Januari 1962 Mwalimu akajiuzulu uwaziri mkuu, Kawawa akashika nafasi akiwa na miaka 35. Karani aliyepigania mishahara ya makarani wenzake sasa anaongoza serikali, kwa nini wafanyakazi wasishangilie?

Alafu mwaka huohuo serikali yake ikapitisha sheria iliyofanya kugoma kihalali kuwe karibu haiwezekani. Tuwe fea, hoja ya serikali ilikuwa na uzito. Watu wa mshahara walikuwa kama laki nne hivi kwenye nchi ya watu zaidi ya milioni tisa, wengine wote wakulima na wafugaji, kwa hiyo ukimwongezea mtu wa mshahara kila akigoma anayelipia ni mkulima ambaye hana chama cha kumgomea mtu yeyote. Na Kawawa huyohuyo ndiye aliyesukuma Waafrika wapewe vyeo serikalini haraka, kitu ambacho Tumbo na wenzake walikuwa wanakidai.

Lakini hiyo laki nne naona imetumika vibaya sana. Ndani yake kuna mkata mkonge wa Tanga anayelipwa kwa mafungu aliyokata, mikono imechanika kwa miiba, huyu unamwitaje mnyonyaji wa mkulima wakati mara nyingi yeye mwenyewe ni mkulima aliyeacha shamba kwao akaja kutafuta hela ya kodi? Mkello alikuwa anawasemea hawa, na Januari 1963 akahamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali. Tumbo alipewa ubalozi London, akauacha, akaanzisha chama chake cha upinzani, 1964 akawekwa kizuizini.

1964 ndiyo ilimaliza kabisa. Jeshi liliasi Januari, serikali ikasema kuna viongozi wa vyama vya wafanyakazi wanawasiliana na waasi, wakakamatwa wengi, TFL ikavunjwa ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote. Katibu mkuu wake anateuliwa na Rais, na aliyeteuliwa ni Michael Kamaliza ambaye tayari ni Waziri wa Kazi! Yaani wewe una mgogoro na mwajiri, unaenda tawini NUTA, malalamiko yanapanda mpaka kwa katibu mkuu, mkishindwana na mwajiri suala linaenda kwa waziri, na waziri ni yuleyule. Unamlalamikia nani sasa? Na ada ya chama inakatwa kwenye mshahara wako kabla hujaushika.

Wanaoitetea NUTA wanataja sheria ya usalama wa kazi na mfuko wa akiba wa NPF, vyote vya 1964, na ni kweli vilisaidia, mtu hafukuzwi tena kama kuku. Mimi nauliza tu kwa nini vilihitaji TFL ife kwanza, maana kanuni ya kusuluhisha migogoro ilikuwepo tayari tangu 1962.

Na wafanyakazi wenyewe walijibu. Baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971, uliowakataza viongozi kuwanyanyasa walio chini yao, wakagoma viwandani Dar, wakawafungia mameneja nje, bila kuisubiri NUTA iwaongoze. Mpaka 1973 migomo bado inaendelea, na waziri mkuu aliyetakiwa kuwajibu, tangu 1972, alikuwa Kawawa.