Kanzu ya Mjomba

Mjomba wangu ni dobi huko Ngamiani, Tanga. Kosa lake ni kusema mbele yangu kwamba kibanda chake kinahitaji bango. Mimi huchora katuni. Sijasomea popote, ila daftari zangu zote za shule ziliisha kwa pua kubwa na macho yaliyotoka.

"Mjomba, hiyo niachie mimi."

"Shilingi ngapi?"

"Aa, wewe ni mjomba. Pilau tu."

Nikanunua manila, nikaanza na penseli, mistari myepesi: duara la kichwa, yai la tumbo (hilo halikuhitaji kutiwa chumvi, lakini nikalitia), mkono wa kulia umeinua pasi ya mkaa kama shujaa anayekwenda vitani, na kanzu nyeupe pe inapepea nyuma. Juu nikaweka puto la maneno: "DOA HALILALI HAPA!" Siku mbili zikaisha, na nusu yake zililiwa na vidole. Vya kushoto vilinishinda kabisa, nikavizamisha mfukoni. Kanzu zina mifuko, usinibishie.

Zamu ya wino. Muuza vifaa vya shule aliniapia: "Hii kalamu ikishika, haitoki." Nikapita juu ya mistari yote, nikasubiri ikauke, nikafuta penseli. Pakang'aa! Nikawaita majirani watazame. Hapo ndipo nilipojiroga.

Nikachovya brashi kwenye rangi za maji, buluu nyepesi ya kivuli cha mikunjo. Nikagusa begani. Mstari wa bega ukaanza kutembea. Nikaufuata na pamba, ukaongeza mwendo. Nikaongeza maji ili nioshe, na sharubu za mjomba zikateremka, zikapita kidevu, zikaingia kifuani. Dakika tano baadaye, kanzu ya dobi ilikuwa na rangi ya maji yaliyofulia soksi za timu nzima. Manila nayo ikajikunja kama bati la kale.

Nikaikunja, nikaenda kuungama.

Mjomba aliitandaza kwenye meza ya kupigia pasi. Uso wake mwenyewe hakuutazama. Alilitazama doa. Akalamba kidole, akagusa ukingo, akanusa.

"Wino wa maji huu. Ungedondoshea tone la maji kwenye kipande cha karatasi kabla, ungeuona unavyokimbia. Kila wiki wateja wananiletea mifukoni mwa mashati."

"Muuzaji aliniapia, mjomba."

"Na mimi huwaapia wateja kwamba nguo zitakuwa tayari Ijumaa."

Akaigeuza, akafunika kitambaa, akapitisha pasi taratibu kwa nyuma. Karatasi ikanyooka kama kanga mpya. Nilidhani ataitupa. Akaibandika mlangoni, pale pale wapita njia wote wanapoiona, akachukua chaki akaandika juu yake: KABLA.

"Sasa kanichoree BAADA," akasema. "Na pilau utalila siku hiyo."