Mazoezi ya Kiti na Ukuta

Kuna siri moja mafundi cherehani hatuitoi. Mteja akija na kiuno cha inchi 40, tunaandika 40 kwenye daftari, halafu mdomoni tunamwambia, "Thelathini na nane hapa, mzee wangu." Anaondoka kifua mbele. Miaka kumi na minne nimewadanganya watu pale Mwanjelwa, Mbeya, kwa nia njema kabisa, na nilipojipima mwenyewe nikajidanganya vilevile. Iliyokataa ni suruali. Mwezi wa tano niliinama kuokota bobini, kifungo kikaruka kikatua kwenye sinia la vitumbua la jirani yangu wa kibanda. Akanidai kitumbua kile.

Nikafunga mlango, nikajipima bila kuvuta pumzi. Inchi 42. Nikageuza futi upande wa sentimita, nikidhani huko watu wana huruma. 106 na ushee.

Sista wa kliniki akaniambia mwanaume kiuno kikivuka sentimita 102, moyo na kisukari vimeshapiga hodi. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamjibu kwa kujiamini: fundi, nakanyaga cherehani kutwa nzima.

"Unakanyaga kwa miguu, baba?"

Nikaangalia dirishani. Ukweli ni kwamba cherehani yangu nimeifunga mota. Tangu siku hiyo mguu wa kulia unabonyeza tu, na wa kushoto upo kwa ajili ya kuvalishwa kiatu. Mota ilinipandishia kipato na kitambi kwa pamoja. Kipato kimeshashuka.

Akasema dakika 150 kwa wiki, angalau, za kutokwa jasho. Nikamwambia sista, mimi dakika 150 natafuta mkasi tu. Hakucheka. Watu wa kliniki hawacheki mpaka uwe umelipia.

Kukimbia nje nilijaribu mara moja. Jiji letu liko mita 1,700 hivi juu ya bahari, mlima Loleza umetuinamia kichwani, na ukitoka mlangoni kwangu njia ni mbili: ya kupanda na ya kupanda zaidi. Nilipofika kijiwe cha bodaboda, mmoja akapaza sauti, "Mzee panda, tutampata!" Nikampungia mkono, nikaendelea. Hatua mia mbele nageuka, vijana watatu wako nyuma yangu wanakimbia, mmoja ana fimbo. Wananisaidia kufukuza mwizi. Ningesema nini? Nikanyoosha kidole kwenye kichochoro, wakaingia huko, mimi nikarudi nyumbani kwa mguu.

Basi, mazoezi ya ndani. Binti yangu wa darasa la tano akanitafutia kwenye simu yale ya dakika saba. Yalichapishwa Marekani mwaka 2013 na yakazunguka dunia nzima kabla hayajafika kwangu. Mazoezi 12, kila moja sekunde 30, katikati unapumzika sekunde 10, na vifaa vyake ni mwili wako, kiti na ukuta. Nikafurahi. Kiti ninacho, ukuta ninao, mwili ndio huo uliozidi.

Ila mimi ni mtu wa vipimo. Nikachukua chaki: sekunde 30 mara 12 ni 360, mapumziko 11 ya sekunde kumi ni 110, jumla 470. Hiyo ni dakika saba na sekunde hamsini! Hizo sekunde hamsini ni za nani? Mimi nikimpunja mteja kitambaa cha upana huo ananipeleka kwa mtendaji wa kata.

Saa ya kuamka nikapanga kumi na moja alfajiri. Hapo ndipo nilipokosea, maana ulikuwa umeingia mwezi wa sita. Mtu wa Dar es Salaam hawezi kunielewa, kwake blanketi ni pambo la kitanda. Huku mwezi wa sita na wa saba blanketi ni mwanafamilia. La kwetu ni lile zito lenye picha ya simba, na alfajiri ile simba ananiangalia kabisa machoni kama anauliza, unakwenda wapi wewe? Alamu inalia, naizima kwa adabu, nambembeleza mguu mmoja utangulie sakafuni ukapeleleze. Mguu unarudi na taarifa mbaya.

Wiki ya kwanza nilifanya siku mbili. Wiki ya pili binti akapewa cheo cha kuhesabu sekunde, na huyo mtoto hana rushwa. Nikimwambia "thelathini hizo" ananijibu "bado kumi na tisa, baba."

Pushapu zina faida moja ambayo hawaitangazi: unaona chini ya makochi. Nimeokota rimoti iliyopotea tangu Pasaka, sarafu ya mia mbili na kandambili ya mgeni aliyeondoka akitulalamikia. Kiti ndicho kilichoniangusha, na siongei kwa mafumbo. Kuna zoezi la kupanda na kushuka kwenye kiti, na vya kwetu ni vya plastiki. Miguu yake minne ilifunguka taratibu, kila mmoja upande wake, kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Mke wangu alikuja na taa, akanitazama nilivyokaa sakafuni katikati ya vipande. "Baba watoto," akasema, "hicho kilikuwa cha wageni."

Kelele nazo. Nyumba ya kupanga, dari ni moja kwa wapangaji wote. Mimi nikihema chumba cha kwanza, chumba cha nne wanageuka kitandani. Siku ya tano mama wa chumba cha pili akaja na kikombe cha tangawizi na limao. "Pole shemeji, pumu mbaya sana na baridi hii." Nikainywa. Sasa ananiletea kila Jumatano, na siwezi kupona ghafla.

Lakini zoezi nililolichukia kuliko yote ni la ukuta. Unaegemeza mgongo, unashuka mpaka mapaja yalale sawa, unakaa kwenye kiti ambacho hakipo. Sekunde 30! Magoti yanatetemeka kama cherehani yenye sindano mbovu. Na ukuta wetu ni wa chokaa. Nikifika kibandani wateja wananipangusa mgongo, wengine wananiuliza nimeanza kazi ya ujenzi. Ukutani nako chokaa ikabaki imefifia, umbo la mgongo wangu, pana, kama ramani ya Mkoa wa Mbeya.

Baada ya muda nikaona pameongezeka alama nyingine pembeni, nyembamba, imeshuka chini kidogo. Nikamfokea binti aache kucheza na ukuta wa watu. Akaapa si yeye. Bando nalo likawa halieleweki: nanunua la wiki Jumapili, Alhamisi limekata roho, wakati mimi naangalia hizo dakika saba tu, na siku nyingine siangalii kabisa, nimelala na simba. Nikamuuliza mama watoto. Akasema bila kuinua macho kwenye mchele, "Labda na simu inapunguza tumbo."

Huo mchele ni wa Kyela. Niseme ukweli wangu: mtu anafanyaje mazoezi nyumba ambayo mchele unanukia mpaka barabarani, ndizi za Tukuyu zimelala na maharage pembeni, na parachichi limekatwa nusu, nusu nyingine ikikutazama? Ukimaliza kuruka njaa inakuja mara mbili. Nilikuwa nakula sahani moja kwa uvivu, sasa nakula mbili kwa haki.

Jumamosi iliyopita, wiki ya sita, nikasimama mbele ya familia kupimwa rasmi. Nikaanza kujizungushia futi mwenyewe, binti akaninyang'anya. Akapima kama alivyofundishwa shuleni. "Arobaini na mbili na nusu, baba."

Nikawaeleza kwamba futi za siku hizi zinavutika. Hakuna aliyebisha, wakaniacha na futi yangu mkononi.

Jioni mama watoto akaja na sketi yake ya kitenge, ile niliyomshonea mwaka jana ikiwa imembana kidogo. Akasema inamvuka, niipunguze kiunoni, kama inchi mbili hivi. Nikasema lete nipime. Akanipa mgongo, nikainua futi, na hapo nikaona khanga aliyojitanda: imejaa chokaa kutoka mabegani mpaka kiunoni.