Fundi Aliyepita

Jamani, mimi nilitaka feni izunguke tu. Kaskazi hii mwaijua wenyewe.

Fundi wa stima akaja, testa nyuma ya sikio. Akafungua swichi, akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo nadhani mafundi wote hufundishwa kabla ya kushika koleo: "Mzee, nani aliwafanyia kazi hii?"

Nikamjibu kwa heshima zangu zote kwamba nyumba ni ya babu, Kibokoni, Mji wa Kale Mombasa, kuta za matumbawe, dari ya boriti, na aliyefunga stima huenda keshazikwa.

"Hapana. Huyu yu hai, na bado anaharibu."

Nikachungulia. Mna waya wa mpira uliovishwa kitambaa, ukiugusa wapukutika. Mna mwekundu na mweusi wa kizamani, mna kahawia na buluu wa juzi, na katikati amekaa kijani. Sasa kijani si ni wa athi, ule wa kwenda ardhini usio na moto, bwana? Fundi akautia testa: ikawaka!

"Huu ndio wenye moto," akasema, tena kwa furaha.

"Na mwekundu?"

"Mwekundu hauendi popote."

"Mweusi je?"

"Mweusi waenda chooni."

Basi tukaanza ziara. Zima sebuleni, jikoni kwaingia kiza. Washa jikoni, mke wangu apiga ukelele bafuni. Taa ya ngazini ndiyo mkaidi: uizime, yabaki ikimulika kidogo usiku kucha. Kumbe swichi yakata nyutro, waya wa kurudisha stima, na laivu, ule wenye moto, imebaki kwenye holda yakungojea. Enzi za balbu za waya hatukugundua; hizi za LED ndizo zilizotoa siri.

"Kwa hivyo miaka yote nikizima ndipo nibadilishe balbu..."

"Volti 240 zilikuwa pale pale, mzee. Shukuru Mungu na ndara zako."

Ndara! Mimi mtu mzima, nina wajukuu, nimeishi kwa hisani ya ndara za mpira!

Nyuma ya kabati tukakuta soketi ya pini za mviringo; kuing'oa ni bei mbali. Kupasua ukuta ni bei mbali. Chokaa ikianguka, "hiyo ni ya mwashi." Tokeni za stima nazo zikakata katikati ya maelezo.

Feni? Feni nzima. Tuliijaribu kwa jirani, ikazunguka vizuri sana. Jirani asema tusiwe na haraka ya kuichukua.