Ukienda kukatwa ngozi ng'ambo, nunua siku kwanza

Mizani ikishasema umepungua kilo 60, ngozi haijapata habari. Bado ina ukubwa wa ule mwili wa zamani, ila sasa haina cha kufunika. Inashuka kutoka tumboni hadi mapajani, inajikunja chini ya matiti, inaning'inia ukinyoosha mkono kusimamisha bajaji. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa mikunjo hiyo haikauki: ni jasho, fangasi, michubuko, na harufu ambayo unaisikia wewe kwanza kisha unaanza kujiuliza nani mwingine kaisikia. Mazoezi hayaiondoi. Nyuzi za ndani za ngozi iliyovutika miaka mingi zimeshakatika, na hata ukikimbia Coco Beach kila alfajiri utajenga misuli chini yake tu. (Mafuta ya nazi nayo hayasaidii, msinitumie ushauri huo.)

Naanza na hilo kwa sababu mjadala wetu huwa unaanzia pabaya. Mtu akitaja kukatwa ngozi, anatiwa kapu moja na waliokwenda kuongeza makalio, na kejeli zinafuata. Aliyekata utumbo, aliyewekewa puto tumboni ili ashibe haraka, anayechoma sindano za kupunguza mwili, aliyejinyima wali na chapati kwa miaka, wote wanaambiwa wanamkosoa Mungu. Mtu akiuza kiwanja agharamie harusi ya usiku mmoja anaundiwa kamati na mweka hazina. Akiuza kiwanja akatwe ngozi inayomchubua kila siku, amerukwa na akili. Hata kampuni za bima za Marekani, ambazo sijawahi kusikia zikisifiwa kwa huruma, mara nyingine hulipia kuondolewa kwa ngozi ya chini ya tumbo ikiwa imeshuka kupita kinena na michubuko imeshindikana kwa dawa. Wameona ni tiba. Sisi bado tunacheka.

Kwa hiyo sina ugomvi na anayepanda ndege kwenda kukatwa. Huku kwetu madaktari wa upasuaji rekebishi ni wachache, na muda wao mwingi unakwenda kwa walioungua moto na watoto wenye midomo sungura, kama inavyopaswa. Kwenda India kutibiwa si jambo geni kwa Mtanzania wala Mkenya. Ugomvi wangu ni na urefu wa safari.

Matangazo ya mawakala tunayaona sote. Istanbul, Delhi, Bangkok. Kwa ndugu zetu walioko Marekani ni Mexico na Jamhuri ya Dominika. Unapewa siku saba, dereva wa kukupokea uwanja wa ndege, mkalimani, hoteli yenye kifungua kinywa, na upasuaji wa tumbo, matiti, mikono na mapaja, vyote kwa bei ambayo London ingeishia kwenye tumbo. Sehemu ya unafuu huo ni halali kabisa. Mishahara, kodi za majengo, thamani ya sarafu yao, vyote vinashusha gharama bila mtu kudanganywa. Lakini sehemu nyingine imekatwa kwenye kalenda. Ukifanyiwa vyote kwa mkupuo, unalipia chumba cha upasuaji mara moja na daktari wa usingizi mara moja, na ukiondoka siku ya saba kitanda chako kinapata mgeni mwingine. Wao wamepata nafuu. Wewe umeuza siku zako bila kujua kwamba ulikuwa sokoni.

Kwa aliyepungua sana, kisu hakiishii mbele ya tumbo. Mara nyingi huzunguka kiuno kizima, mgongo na makalio yakainuliwa pamoja na tumbo. Wengine huongezewa mkato wa wima kutoka chini ya kifua hadi kinena, kwa sababu ngozi imezidi kwa upana pia. Mshono unakuwa mrefu, na kila sentimita yake ni mahali panapoweza kuachia. Ndiyo maana daktari makini hugawa kazi: tumbo na kiuno kwanza, matiti na mikono baada ya miezi kadhaa, mapaja safari nyingine. Kifurushi kinataka vyote Jumanne.

Mwanzoni mwa 2024 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitoa hesabu ya raia wa nchi hiyo waliofariki baada ya upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika: watu 93 kati ya 2009 na 2022. Vifo vya 2019 na 2020 vilipochunguzwa, vingi vilisababishwa na mafuta au donge la damu lililosafiri hadi mapafuni, na wengi wa marehemu walikuwa wamefanyiwa zaidi ya kitu kimoja kwenye operesheni ileile. Wengi walikwenda kuongezewa makalio, kwa hiyo si sawasawa na mtu ninayemzungumzia. Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza nayo imetaja zaidi ya raia wake 25 waliofia Uturuki tangu Januari 2019 baada ya kwenda kwa matibabu ya hiari. Wanaokwenda na kurudi wazima ni wengi mno kuliko hao, na sitaki kumtisha mtu kwa kumtajia makaburi tu. Nataka aone kinachojirudia: saa nyingi mezani, mambo mengi kwa pamoja, na damu inayoganda.

Damu inayoganda haina haraka. Hatari yake inaendelea wiki kadhaa baada ya upasuaji, na kukaa kwenye kiti cha ndege kunaiongeza. NHS, huduma ya afya ya Uingereza, inashauri mtu asipande ndege hadi siku 5 hadi 7 zipite baada ya kunyonywa mafuta au upasuaji wa matiti, na siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji wa tumbo. Huo ni ushauri kwa mtu aliyefanyiwa kimoja na mambo yakaenda vizuri. Sasa rudi kwenye lile tangazo la siku saba, ambalo ndani yake kuna siku ya kufika, siku ya vipimo na siku ya kuondoka. Istanbul hadi Dar ni kama saa saba angani, goti limekunjwa, tumbo limebanwa, na mtu wa dirishani anayekuona unamsumbua kila unapoomba kupita ili utembee kidogo.

Pamoja na yote hayo, bado naona hatari kubwa zaidi inasubiri nyumbani.

Baada ya upasuaji huu, mshono kuachia mahali au majimaji kujikusanya chini ya ngozi ni mambo ya kawaida. Hutokea hata kwa daktari bingwa aliyefanya kila kitu sawa, hasa kwa mtu ambaye lishe yake ilikuwa dhaifu. Madaktari wanalijua hilo, na ndiyo sababu ya mirija ya kutoa majimaji, nguo za kubana na kurudi kliniki mara kwa mara. Mpango wowote usiosema nani atakuangalia wiki ya tatu ni nusu ya mpango.

Shoga yangu mmoja alikwenda Uturuki. Kazini aliaga kuwa ana harusi Zanzibar. Nyumbani alijua dada yake peke yake. Alirudi anatembea ameinama, kaficha mrija chini ya baibui, na likizo ilipokwisha akarudi ofisini kwa sababu hakuna harusi inayochukua mwezi. Mshono ulipofumuka upande wa nyonga alikwenda hospitali akasema ameanguka bafuni. Daktari aliyekuwa zamu alitazama ule mkato ulionyooka kiuno kizima, akamtazama yeye, akamwambia, "Dada, bafu gani hilo?" Hapo ndipo akatoa simu na kuonyesha faili lake, kurasa kadhaa za Kituruki ambazo hata yeye hakuwahi kuzisoma. Alipona, lakini alichelewa kupona, na alichelewa kwa sababu ya aibu.

Siri ni gharama ambayo haimo kwenye kifurushi. Kati ya 2013 na 2014, baadhi ya Wamarekani waliofanyiwa upasuaji wa urembo Jamhuri ya Dominika walirudi na bakteria aitwaye Mycobacterium abscessus, ndugu wa mbali wa yule wa kifua kikuu. Huyo hujitokeza taratibu, wiki kadhaa mtu akiwa kwao, na dawa tunazopewa kwa usaha wa kawaida hazimwezi; matibabu huchukua miezi. Maabara inahitaji kuambiwa imtafute. Daktari atawaambiaje wamtafute ikiwa anaamini ulianguka bafuni? Mwaka 2023 huko Matamoros, Mexico, wagonjwa waliochomwa ganzi ya mgongo kwa ajili ya upasuaji wa urembo walipata fangasi kwenye utando wa ubongo, na wengine walifariki. Maofisa wa afya walilazimika kuwatafuta mmoja mmoja wote waliopita kwenye kliniki zile, wakiwemo waliojiona wazima, ili wapimwe mapema. Fikiria umeitwa kwenye simu ya namna hiyo na umeketi na mume asiyejua ulikuwa wapi.

Kuna siku nyingine za kununua kabla hata ya tiketi. Aliyekata utumbo huendelea kupungua mwaka mzima hadi mwaka na nusu. Ukikatwa ngozi katikati ya safari hiyo, utapungua tena na italegea tena. Subiri uzito utulie kwa miezi, nusu mwaka ni kipimo kizuri. Pima damu. Watu waliopungua kwa upasuaji mara nyingi wana upungufu wa madini ya chuma, vitamini B12 na protini, na kidonda hakifungwi kwa sala peke yake, kinafungwa kwa mayai, samaki na maharage pia. Anayechoma sindano za Ozempic au Mounjaro amwambie daktari wa usingizi mapema, kwa sababu sindano hizo huchelewesha chakula kutoka tumboni, na chakula kikipanda mtu akiwa kwenye nusukaputi kinaweza kuingia mapafuni. Fomu ya wakala kwenye WhatsApp huenda isiulize hilo.

Jambo jingine linatuhusu sisi wenye ngozi nyeusi: makovu yetu yana tabia ya kuvimba na kupanda kuliko ya wengine. Kliniki ikikutumia picha mia za watu weupe waliopigwa wiki ya sita, omba picha ya mtu wa rangi yako baada ya mwaka. Wakikosa hata moja, hiyo nayo ni taarifa. Omba pia jina kamili la daktari atakayeshika kisu, na uzungumze naye mwenyewe kabla ya kutuma hela. Ukiishia kuzungumza na dada wa mauzo anayekuita "mpenzi" na kukuambia ofa inaisha Ijumaa, achana nao.

Watu huniuliza kama basi ni heri kubaki nyumbani. Kwa wengine, ndiyo. Mloganzila, tawi la Hospitali ya Taifa Muhimbili, imekuwa ikiweka puto na mwaka 2023 ilianza pia upasuaji wa kurekebisha maumbile, na nilifurahi kuona hospitali ya umma ikiacha kuliona jambo hili kama upuuzi. Faida yake kubwa ni kwamba wiki ya tatu unapanda gari, hupandi ndege. Lakini kuwa karibu si kinga. Mwishoni mwa 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya kunyonywa mafuta kwenye kliniki jijini Nairobi, na mamlaka ya madaktari wa Kenya ikaifunga. Maswali ya kuuliza ni yaleyale, Nairobi au Istanbul.

Ukiamua kwenda, ningekushauri utumie hela ileile tofauti: punguza sehemu za kukatwa, ongeza siku za kukaa. Tumbo na kiuno peke yake, kisha wiki tatu karibu na hospitali, na mtu wako wa kwenda naye. Mikono itasubiri. Kabla ya kuondoka tafuta daktari wa hapa atakayekubali kukupokea, umwonyeshe mpango wote, na urudi na muhtasari wa matibabu ulioandikwa kwa Kiingereza, wenye dawa ulizopewa na jina la kila kilichofanyika.

Na kazini? Hili ndilo linalowakwamisha wengi kuliko pesa. Mwambie bosi unakwenda kufanyiwa upasuaji wa tumbo na utahitaji wiki sita. Si uongo, barua ya daktari itasema hivyohivyo. Kwa uzoefu wangu ukishataja tumbo hakuna mtu ofisini anayetaka maelezo zaidi, isipokuwa yule mama wa uhasibu, na huyo atakuletea uji.