Kwelea kwelea na asubuhi ya pili

Ukihoji sumu inayonyunyiziwa malalo ya kwelea kwelea, jibu huja haraka: kwani wewe huli ugali? Swali la haki. Mwenye mpunga Bahi au uwele Chemba, huko Dodoma, aliye dunguni tangu alfajiri na watoto wakiamia ndege badala ya kwenda shule, hana muda wa hadithi. Kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kidogo, mpaka upige hesabu: milioni moja wanamaliza tani 10, yaani magunia 100 ya kilo 100, kwa siku moja. Kesho wanarudi. Na kundi la milioni si ajabu.

Kwa hiyo tuelewane: hakuna anayemlilia kwelea kwelea. Hakuna ndege wa porini aliye wengi kama yeye duniani. (Njiwa wahamao wa Marekani nao walikuwa mabilioni, na wa mwisho alifia bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Tuyaache hayo.)

Kinachotusumbua ni asubuhi yake. Sumu yenyewe, fenthioni, hunyunyiziwa jioni, kundi likishatua kwenye miiba au matete, na si wote wanaokufa usiku ule. Kukipambazuka unawakuta chini ya migunga, mabawa yamelegea, wanapapatika wasiweze kuruka. Kwa tai, kozi na bundi hiyo ni karamu ya bure. Wakiwala kwelea hao, sumu nayo imewaingia. Kwelea hutaga mayai matatu hivi na kuifuata mvua akataga tena. Pungu, mmoja wa tai hao, hutaga moja tu, naye tayari yumo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Tunatangaziwa kwelea waliouawa. Pungu nani anamhesabu?

Kondoa wana njia yao: mitego ya kusuka kwa nyasi, mfano wa mgono wa samaki. Ndege hunyonyolewa, hukaangwa, huuzwa. Ni kitoweo na hela ya sabuni, mpaka sumu ipite. Baada ya hapo, nyama ile hailiki.

Nakiri, mitego haiwezi mamilioni wakati punje za mtama bado ni maziwa. Siku hiyo rubani wa ndege ya kunyunyizia sumu ataitwa tu. Basi aitwe baada ya mitego na nyavu kushindwa, na kabla jua halijachomoza pawe na watu pale malaloni wanaookota na kufukia mizoga, tai hajashuka.