Kabla ya Kuzipiga Picha Hati za Kale

Msikiti au familia inaposita kufungua kabati lake la hati ili zipigwe picha za kidijitali, husemwa kuwa inazuia elimu. Wanaoharakisha kazi hiyo wana hoja nzito. Januari 2013, wapiganaji waliokuwa wakiukimbia mji wa Timbuktu, Mali, walichoma au kuiba hati takribani 4,000 za Taasisi ya Ahmed Baba, na hasara ingekuwa kubwa zaidi lau wenyeji wasingekwisha kuhamishia Bamako shehena kubwa ya hati kwa siri. Mchwa na unyevunyevu wa mwambao wetu nao hawasubiri mtu akubali.

Hata hivyo, anayesita anastahili kusikilizwa vizuri zaidi. Msikiti wa Riyadha, Lamu, ulikubali hati zake zipigwe picha katika mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, mpango ambao, kwa haki, hauziondoi hati asili nchini. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia maktaba hiyo, na mikusanyo yake ya kidijitali, ukiwamo wa mpango huo, ikawa haipatikani mtandaoni kwa miezi mingi. Karatasi zenyewe zilikuwa Lamu wakati wote huo. Tumezoea kuiita picha hifadhi na karatasi hatari. Mara hii mambo yalikuwa kinyume, na sioni kwa nini yasijirudie, maana seva huhitaji umeme, wataalamu na bajeti ya kila mwaka, na bajeti hiyo huamuliwa mbali na wenye hati.

Tena picha ya kawaida haichukui kila kitu. Karatasi nyingi za hati zetu zilitoka Italia, na ukiinua ukurasa kwenye mwanga utaona alama ya hilali tatu ndani yake, ambayo humsaidia mtafiti kukadiria umri wa hati.

Lipo pia suala la wakfu. Mtunzaji aliyekabidhiwa kitabu kwa masharti hana ruhusa ya kuyalegeza kwa sababu mgeni ameleta kamera nzuri, na baadhi ya maandishi ya tiba na falaki hayakukusudiwa kusomwa na kila mtu.

Picha zipigwe, lakini makubaliano yaandikwe kwa lugha ya watunzaji, yawape haki ya kufunga kurasa wanazotaka, na fedha za mradi zigharimie pia masanduku na mafunzo ya kujalidi upya juzuu zinazopukutika.