Usukani Wenye Maoni Yake

Naomba ieleweke kwamba mimi si mlevi. Nimelazimika kulisema hili kwa sababu leo asubuhi, kabla sijafika Kibaha, askari wa usalama barabarani alinisimamisha, akaingiza pua dirishani, akavuta pumzi kwa utaratibu, ndipo akaomba leseni. Nikamweleza kwa staha kwamba anayeyumba ni gari, wala si dereva. Akanijibu kwamba wote husema hivyo.

Gari lenyewe ni Hilux LN106 ya miaka ya 90, ile yenye ekseli ya mbele iliyonyooka na springi za bapa. Injini haina neno. Matatizo yako kwenye usukani. Ukiushika kwa utulivu, gari linaelekea mtaroni. Ukiurudisha kidogo, halisikii. Ukiongeza kidogo tu, linashtuka na kurukia upande wa pili, ambako daima kuna lori. Muuza matairi alishauri matairi. Kijana wa upepo alipima kwa kupiga teke. Waliopima alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu, walichukua fedha na kunipa karatasi nzuri, lakini kulipima alaimenti gari ambalo tairodi zake, yaani viungo vya ncha za fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele, zimelegea ni sawa na kumpima urefu mtoto anayeruka kamba.

Hatimaye nikamfikia fundi wa chini ya mwarobaini, mtu mwenye sifa zake. Aliutikisa usukani, akaona unacheza shubiri nzima kabla magurudumu hayajajibu, ilhali Toyota wenyewe hawaruhusu uzidi milimita 30. Hakuuliza lolote. Alifungua boneti, akachukua spana na bisibisi, akaishukia ile skrubu iliyo juu ya boksi la usukani. Magurudumu wakati huo yalikuwa yamekatwa hadi mwisho. Nikamwambia, kwa lugha ya heshima, kwamba meno ya ndani ya boksi hubanana zaidi usukani unapokuwa katikati, kwa hiyo akikaza huku magurudumu yamekatwa, yakirudi katikati yatagoma.

"Mzee wangu," akasema bila kuinua kichwa, "kazi hii nimezaliwa nayo."

Tukatoka kulijaribu, yeye akiendesha. Tulipofika kipilefti, alikata usukani kwa madaha, kisha akauachia ili urudi wenyewe, kama usukani wa mtu mwenye bahati unavyorudi. Haukurudi. Tukampita mama wa maandazi, tukamsalimia; tukazunguka, tukampita tena, ikabidi tumsalimie upya. Abiria wa daladala walianza kutushangilia. Fundi aliushika kwa mikono yote miwili, akajiegemeza mlangoni, akalitoa gari kwenye ule mzunguko kwa nguvu za mabega, jasho likimchuruzika, kisha akatamka kwa upole wa daktari: "Si unaona haichezi tena? Ikitembea italainika."

Jamani, kwa nini hakuna anayekubali kulala chini? Kazi yenyewe ni nyepesi: magurudumu yakiwa ardhini, breki ya mkono imekazwa na injini inaunguruma, mmoja anautikisa usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, mwingine analala pembeni na kuangalia kila kiungo, akitafuta kile kinachochelewa kuitikia. Nililala mwenyewe, na shati langu la kanisani, utingo akitikisa. Mpira wa tairodi ya kushoto ulikuwa umepasuka, grisi imegeuka mchanga, na bolti inacheza ndani ya kikombe chake kabla mkono wa gurudumu haujapata habari.

Basi nikaenda kununua. Nilikuta tairodi halisi, halisi kabisa, na halisi ya Dubai. Muuzaji akanifungia mbili zenye nyuzi za kulia, yaani zinazokazwa kwa kuzungushwa kulia, ingawa fimbo ile upande mmoja hufungwa kwa nyuzi za kulia na mwingine za kushoto, ili ukiizungusha magurudumu yakaribiane au yaachane. Alipoelezwa, aliniuliza kama mimi ni mhandisi.

Tairodi zimefungwa, skrubu imelegezwa na kukazwa upya magurudumu yakiwa yamenyooka, na nusu ya uhuni umekwisha. Nusu iliyobaki ni ya mmiliki wa zamani, aliyeinua mbele kwa kuongeza mabapa ya springi ili gari lionekane la kishujaa, bila kuweka kabari za chuma za kuurudisha ule mlalo wa ekseli unaofanya magurudumu yatamani kunyooka. Kabari nitazitafuta, maana fundi kwa sasa amemaliza fedha zote: alinidai malipo ya kukaza, kisha malipo ya kulegeza.

Na jirani tayari ameshaomba gari Jumamosi, ahamishe kabati. Atakayeendesha ni shemeji yake, ambaye uzoefu wake wote ni wa bajaji. Ameniomba pia niliache na mafuta.